Nyuma ya stesheni ile kuna watu wamelala

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Buhongwa hapa Mwanza, na ni binti wa nyapara wa genge la reli. Kituo ninachotaka kukieleza kiko wilaya ya Kwimba, kwenye njia ya Tabora hadi Mwanza. Jina lake nimeliandika kwenye karatasi ya pili, ambayo naomba usiichapishe. Chuma kilichobaki pale bado kinaibwa, na sitaki barua yangu iwaonyeshe njia wanaokiiba.

Nilikwenda mwezi Agosti. Tulikuwa kwenye arobaini ya shangazi yake mume wangu, na siku ya kurudi nikaona nimekaribia mno kiasi cha kutopita. Nilikuwa na mjukuu wangu wa miaka minne. Nilipomwambia kijana wa bodaboda atupeleke stesheni, akauliza, "Stesheni ya juu au ya chini, bibi?" Kumbe siku hizi Stesheni ni jina la vitongoji viwili, cha juu chenye mashine ya kusaga na cha chini chenye lambo. Kijana amezaliwa hapohapo, lakini hakuwahi kuambiwa kwamba jina hilo lilitoka kwenye jengo. Nilipomwelekeza alisema, "Ah, kule kwenye magofu. Tunachungia mbuzi kule."

Jengo limesimama, Mhariri. Nilitegemea kukuta kifusi, nikakuta kuta nzima. Mabati ya upande mmoja yameondolewa, milango yote na fremu zake imeng'olewa, sakafu ya baraza imepasuka pale mwarobaini ulipoingiza mizizi. Lakini mawe ya msingi hayajasogea hata kidogo. Dirisha la tiketi lipo. Ukingo wake wa saruji umelika katikati kwa viwiko vya watu, umekuwa laini kama jiwe la kusagia. Niliweka kiwiko changu palepale. Chumba cha mizigo kimejaa samadi ya mbuzi. Katika chumba cha stesheni masta nilikuta matundu manne ya skrubu ukutani, mahali ilipokuwa simu ya kuzungusha kwa mkono.

Simu hiyo ilikuwa roho ya kituo, na vijana wengi hawajui kwa nini. Njia yetu ni moja tu. Treni ya kwenda na ya kurudi zinatumia reli ileile, kwa hiyo kati ya kituo na kituo hairuhusiwi kuwapo treni mbili. Kabla ya kuiruhusu treni kuondoka, stesheni masta alizungusha simu, akamuuliza mwenzake wa kituo kinachofuata kama njia iko wazi, akaandika jibu kwenye kitabu na saa yake, ndipo dereva akapewa idhini mkononi. Tukiwa watoto tulilijua jibu kwa kusikiliza sauti tu. Akijibu kwa ufupi, treni inaondoka. Akirudia rudia namba, ina maana kuna treni nyingine inakuja na hii itaingia njia ya pili kusubiri, na hapo mama zetu walikimbilia masufuria, maana treni inayosubiri ina abiria wenye njaa. Michembe, karanga za kukaanga, mayai ya kuchemsha, maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Sare zangu za shule zilitoka kwenye treni zilizosubiri.

Njia hiyo ya pili ya kupishania bado ipo, imefunikwa na nyasi na kutu. Njia kuu iliyo pembeni yake inang'aa juu kama kisu, kwa sababu treni bado zinapita. Hazisimami tu. Mjukuu wangu aliuliza kwa nini reli moja ni nyeupe na nyingine nyekundu, nikamwambia moja ina kazi na nyingine haina.

Baba yangu alizaliwa Kasulu. Aliajiriwa reli akiwa kijana, enzi za shirika la Afrika Mashariki, akahamishwa kambi baada ya kambi mpaka alipofika hapo mwaka niliozaliwa, 1960. Kambi ya genge ilikuwa hatua kama mia mbili kutoka kituoni: nyumba moja ndefu ya vyumba sita, kila familia chumba kimoja, majiko nje. Kulikuwa na Waha, Wanyamwezi, Wagogo na Mjita mmoja. Kijijini watu walisalimiana "mwangaluka" na "mwadila". Kambini tulisalimiana Kiswahili, kwa sababu hatukuwa na lugha nyingine ya kutuunganisha. Wazee wetu walikuwa wageni pale, na jambo hilo ndilo litakalonileta kwenye shida yangu.

Kazi ya genge naomba niieleze kidogo, maana watu hudhani reli ikishalazwa imelazwa. Sehemu kubwa ya Kwimba ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi mpaka mguu wa mtoto unazama, na ukinyeshewa unavimba na kunata. Juu ya udongo huo kuna tuta, juu ya tuta kokoto, juu ya kokoto mataruma, yaani vile vipande vinavyolazwa kukingama chini ya reli, ndipo reli. Mvua ikinyesha udongo unavimba na tuta linacheza, reli inalala upande au inabonyea. Ndiyo maana kila asubuhi genge lilitembea kipande chake chote, wakitazama, wakigonga boliti kwa nyundo na kusikiliza. Boliti iliyokaza ina mlio wake na iliyolegea ina wake. Palipobonyea waliinua reli kwa jeki, wakashindilia kokoto chini ya mataruma kwa sururu zenye ncha butu, wote kwa pigo moja. Masika baba alitoka hata saa nane za usiku na taa ya kandili, peke yake, kwenda kuangalia kalavati. Mkaguzi alipita na kiberenge mara moja moja tu. Siku nyingine zote, kama abiria wa Mwanza alifika salama, ni kwa sababu kuna mtu aliyetembea mbele yake kwa miguu.

Reli hii ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo pamba ya Usukuma ilivuka ziwa kwa meli hadi Kisumu, ambako reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika tangu 1901, ikashukia bahari ya Kenya. Tangu 1928 ikaweza kushuka kwa Tabora hadi Dar es Salaam. Nilipopata akili, marobota ya pamba ya chama cha ushirika yalipangwa kwenye jukwaa lile hadi kufunika dirisha, na sisi watoto tulilala juu yake tukinusa mafuta ya mbegu. Mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika kila nchi ikabaki na reli yake. Mabehewa yakaandikwa herufi mpya, lakini nyundo na sururu za genge zilibaki zilezile. Desemba 1978 nilikuwa likizo nyumbani, treni za askari wa vita vya Kagera zikipita usiku kuelekea Mwanza. Mama aliwarushia karanga kwenye vifurushi vya magazeti. Baba hakulala wiki nzima. Alisema treni yenye vijana wa watu haiwezi kukuta boliti imelegea kwenye kipande chake.

Sasa nifike kwenye nyumba ya genge.

Haina paa. Kuta za vyumba vinne zimebaki, pamoja na chumba chetu, cha pili kutoka mwisho. Baba alikuwa na kipimo cha chuma cha kukagua upana wa reli, na upana wa reli yetu ni mita moja kamili, ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani. Alikisimamisha kipimo hicho kwenye ukuta wa mlango wetu, akachora mstari kwa patasi kwenye saruji pale mita inapoishia. Sheria yake ilikuwa moja. Mtoto ambaye hajaufikia mstari haruhusiwi kuvuka reli, hata akiwa ameshikwa mkono na dada yake. Ukiupita, unavuka. Watoto wote wa kambi walipimwa pale, siku yako ilikuwa kama sikukuu, unapewa kipande cha muwa.

Mstari upo. Niliupapasa kwa kidole kabla sijauona, maana jua lilinipiga machoni. Nilimsimamisha mjukuu wangu, kichwa chake kikaupita kwa vidole viwili.

Mdogo wangu wa kiume hakuufikia. Alikufa kwa surua mwaka 1967, akiwa na miaka mitatu na miezi kadhaa. Kasulu ilikuwa mbali, treni hadi Tabora, kisha treni nyingine kuelekea Kigoma, kisha barabara, na maiti ya mtoto haiwezi safari hiyo. Baba na wenzake walimzika nyuma ya kambi, chini ya mkwaju, ambako tayari walikuwa wamezikwa watu wa genge waliotangulia. Saruji ya kujengea hawakuwa nayo. Baba alikata kipande cha reli chakavu, akakichimbia kichwani mwa kaburi kama jiwe, akakichora mwaka kwa patasi ileile. Makaburi yote ya pale yaliwekewa hivyo, reli au taruma lililosimamishwa. Kwa hesabu yangu na ya mzee mmoja wa Kigogo aliyebaki, ambaye sasa anaishi Malampaka kwa mwanawe, wamelala pale watu tisa: wanaume watano wa genge, mwanamke mmoja aliyefariki akijifungua, na watoto watatu.

Baba alipostaafu mwaka 1984 tuliondoka. Mama alirudi kila mwaka kufyeka, hadi miguu ilipomkatalia. Baada yake nilikwenda mimi, lakini sikwenda kila mwaka, na kwa miaka kumi na mmoja iliyopita sikwenda kabisa. Hilo nalikiri mbele ya wasomaji wako.

Mkwaju upo. Chini yake nilikuta mashimo. Alama zote tisa zimeng'olewa. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota ndani ya mashimo, kwa hiyo si jambo la jana. Kijana wa bodaboda alisema waliopita na mkokoteni wakinunua vyuma chakavu walipita mpaka huko, na vijana wa kijijini waliwauzia. Simlaumu yeyote kwa jina, na naamini aliyevuta chuma kile hakujua kilikuwa kinashika nini. Kwa macho ya mgeni ni vipande vya reli vilivyosimama porini. Hakuna msalaba wala maandishi ya kusomeka, isipokuwa mwaka.

Hatua kama arobaini kutoka mkwaju ule nikaona vigingi vya mbao vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Viko vingi, vimenyooka. Sikukuta mtu wa kumuuliza ni vya nini, lakini kila mkazi wa ukanda huu anajua kwamba reli ya kisasa inajengwa. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la kipande cha Mwanza hadi Isaka pale Fela, Misungwi, kilomita 341 ukihesabu na njia za kupishania. Mimi naitaka reli hiyo. Niseme wazi, nisije nikaeleweka kwamba nalilia ya zamani. Nimepanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma nikafika bila vumbi na bila maumivu ya mgongo, na ninaomba nijaliwe kushuka nayo Mwanza. Baba angekuwa hai ningempeleka Fela akashike kwa mkono reli yenye upana wa milimita 1,435, akaone mashine inayoshindilia kokoto kazi ya genge zima.

Ninachokiogopa ni tingatinga kupita juu ya watu kwa kutojua. Tuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Ardhi inapochukuliwa kwa kazi ya umma, makaburi yaliyomo huhamishwa kwa heshima, kwa taarifa, na ndugu wakiwa wamejulishwa. Wapimaji wanapokuja kijijini huuliza wenyeji, na wenyeji huonyesha makaburi ya wazee wao. Hiyo ndiyo taabu ya watu wa genge. Hawana mwenyeji. Watoto wao tumetawanyika, wengine Kigoma, wengine Dodoma, wengine hatujui walipo, na ardhi yenyewe ilikuwa ya reli, si ya ukoo wowote wa pale. Mwenyekiti wa kitongoji, kijana mwungwana aliyenipokea vizuri na kunipa kiti, hakuwa na habari kwamba pale kuna makaburi. Asingeweza kuwa nayo, wakati hata alama hazipo. Nilimshika mkono nikampeleka, tukayahesabu mashimo pamoja, akayaandika kwenye daftari lake, akanigongea mhuri. Nakala ninayo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa wenye mamlaka.

La kwanza na la haraka ni kwamba yeyote mwenye ramani ya vigingi vile aje na mimi tukasimame chini ya mkwaju kabla mashine hazijafika. Nitakuja kwa nauli yangu. Kama mkwaju uko nje ya eneo la kazi, basi naomba pawekwe uzio wa minyaa na kibao, na kufyeka tutafyeka wenyewe. Kama uko ndani, makaburi tisa yaandikwe katika hesabu kama yalivyoandikwa ya wengine.

La pili ni jengo. Najua Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo ya kale zaidi, yale ya kabla ya 1863, na stesheni yetu ni ya karne iliyopita. Lakini sheria hiyohiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo lolote lenye thamani kuwa la kulindwa, hata likiwa na umri mdogo. Nairobi wana makumbusho ya reli tangu 1971, wakati reli ilikuwa bado yetu sote. Sisi pale Bujora, Kisesa, tuna makumbusho mazuri ya Wasukuma, ngoma na viti vya watemi vikitunzwa vizuri kabisa. Sidai kujengewa makumbusho Kwimba. Ningefurahi mno mkikabidhi jengo lile kwa kijiji, likaezekwa, akina mama wakapata mahali pa kliniki ya watoto, maana sasa wanapimia chini ya mti. Enzi zetu ilikuwa hivyohivyo. Siku muuguzi alipokuja kwa treni, watoto walipimwa uzito kwenye mizani ya mizigo ya stesheni, na stesheni masta mwenyewe ndiye aliyesoma namba. Kuta zipo. Msingi upo. Fundi mmoja wa Ngudu niliyempigia simu ameniambia kuta za namna ile siku hizi hakuna anayejenga, gharama yake ni kubwa mno. Na ukuta wa mlango wetu wenye mstari naomba usipigwe lipu.

Kwa watoto wa reli mnaosoma barua hii, popote mlipo. Kama mzazi wako alikuwa genge la kipande cha Kwimba kati ya 1940 na 1984, muulize kama yu hai alimzika nani na wapi. Kama hayupo, tafuteni kwenye sanduku lake vitambulisho, barua za uhamisho, kadi za ubatizo. Majina ninayo sita kati ya tisa. Mwanamke yule aliyefariki akijifungua sote tulimwita Mama Sekunde, kwa sababu mumewe alikuwa wa pili kwa baba kazini, na jina lake la kuzaliwa hakuna kati yetu anayelikumbuka. Alinisuka nywele siku yangu ya kwanza shuleni. Ana haki ya kuandikwa jina lake.

Na kwako uliyenunua vyuma vile. Sitakuuliza ulivipata kwa nani. Kipande ninachokitafuta kina urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, upande mmoja kina matundu mawili ya boliti, na ubavuni kimechorwa 1967 kwa patasi, saba ikiwa imepinda kidogo kulia. Kama bado kiko kwenye rundo lako hakijapelekwa kuyeyushwa, kiache ofisi ya gazeti hili. Nitakulipa kwa kilo, bei uliyonunulia na faida yako juu.

Binti wa nyapara,
Mwalimu mstaafu,
Buhongwa, Mwanza.